Korongo halina rafiki: mwongozo kamili wa kuendesha gari Dodoma wakati wa mvua

Ilikuwa saa tisa na nusu alasiri, jua linawaka, na mbele yangu palikuwa na korongo kavu lenye mchanga mweupe. Asubuhi nilikuwa nimelivuka bila hata kushusha gia. Babu mmoja aliyekaa chini ya mbuyu na mbuzi wake akaninyooshea fimbo nisimame.

"Mbukwenyi, babu," nikamsalimia kwa Kigogo changu cha kuokoteza.

"Mbukwenyi. Zima gari, mjukuu wangu. Linakuja."

Nikatazama juu, sikuona wingu. Nikamwuliza ni nini kinachokuja. Hakujibu, alielekeza tu kidevu upande wa milima ya mbali, ambako anga lilikuwa na weusi kidogo kama moshi wa tanuri la mkaa. Nikakaa naye kwa heshima tu, moyoni nikihesabu dakika ninazopoteza. Haikupita nusu saa nikasikia mlio kama fuso tupu linalokimbia kwenye rafu rodi. Kisha likatokea: ukuta mfupi wa maji ya kahawia, umebeba matawi, vibuyu na povu, ukijaza korongo kutoka kingo hadi kingo. Pale ambapo ningekuwa nimefika katikati pakawa na maji ya kufika kifuani.

Tuliondoka pale saa moja usiku, maji yakiwa yameshuka hadi vifundoni.

Mwongozo huu wote unatokana na alasiri ile. Huku kwetu katikati ya nchi, mvua ya kuiogopa mara nyingi si ile inayokunyeshea wewe. Ni ile iliyonyesha kwa watu wengine, huko juu, saa moja au mbili zilizopita. Ukilielewa hilo, mengine yote ni ufundi wa kawaida.

Kwanza, ujue mvua ya hapa ilivyo

Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) huigawa nchi katika maeneo yenye vuli na masika, na maeneo yenye msimu mmoja tu. Dodoma na Singida zimo katika kundi la pili. Mvua zake huitwa mvua za msimu, zinaanza kati ya Novemba na Desemba na kwisha Aprili. Kwa mwaka mzima Dodoma hupata milimita kama 550 hadi 600, karibu nusu ya zile za Dar es Salaam.

Hapo ndipo wageni wanapojidanganya. Tangu serikali ilipoanza kuhamia huku kwa nguvu mwaka 2016, mji umejaa magari ya watu waliozoea mvua za Pwani, na wengi wanaamini sehemu kame haina mafuriko. Ukweli ni kinyume. Mvua yetu ni chache lakini huja kwa vishindo, dakika arobaini za kumimina kisha kimya. Inakuta ardhi iliyochomwa na jua miezi saba, ngumu juu kama sakafu, majani hakuna, mifugo imekwangua kila kitu. Maji hayanywewi na udongo, yanakimbia.

Fanya hesabu mwenyewe. Milimita 50 za mvua zikianguka kwenye kilomita moja ya mraba ni lita milioni 50. Korongo dogo tu linaweza kukusanya maji ya kilomita za mraba kumi na zaidi, na yote yanatafuta kupita pale ulipoweka tairi lako.

Hatari inapanda mara mbili kwa msimu. Mara ya kwanza ni mvua za mwanzo, watu wakiwa bado wana mwendo wa kiangazi. Mara ya pili ni baada ya kile kipindi kikavu cha Januari au Februari, mahindi yanapoanza kujikunja na madereva wanaposahau. Mvua ikirudi Machi, inakuta udongo chini umeshalowa na kingo za barabara zimeshalegea. Machi 2020 barabara kuu ilikatika Kiyegeya, wilayani Gairo, na magari ya Dodoma na Morogoro yakalala njiani. Lakini Januari nayo si ya kuiamini: mwaka 2014 maji ya Mto Mkundi yaliharibu daraja la Dumila, tena mwezi huohuo wa Januari.

Pili, liandae gari kabla ya Novemba

Nianze na matairi, na hapa nitakaa kidogo, maana kuna jambo ambalo wauza magari hawalisemi.

Magari mengi tunayoendesha yametoka Japani yakiwa yametumika. Japani kuna majira ya baridi kali na barabara za theluji, hasa kaskazini, kwa hiyo baadhi ya magari hufika bandarini yakiwa bado yamevaa matairi ya theluji. Tazama ubavuni mwa tairi lako: ukiona neno STUDLESS, au picha ya mlima wenye alama ya chembe ya theluji ndani yake, mara nyingi hilo ndilo. Mpira wake ni laini, umetengenezwa ung'ate barafu. Kwenye lami ya Dodoma yenye joto unalika kama ufutio wa shule, na kwenye lami iliyolowa gari linachelewa kusimama. Watu wanayafurahia kwa sababu yana meno mengi na yanaonekana mapya. Yauze, nunua ya kawaida.

Hayohayo kwa tairi la mtumba. Ubavuni kuna tarakimu nne ndani ya umbo la yai: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la miaka kumi, hata likiwa na kashata nene, yaani yale meno yake, mpira wake umekuwa mkavu na haushiki maji. Kuhusu kina cha kashata, nchi nyingi zinaweka milimita 1.6 kuwa mwisho wa kisheria. Kwa mvua, mimi nasema likifika milimita 3 anza kutafuta pesa. Pima kwa rula ya mtoto. Upepo nao uwe ule ulioandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva, kwa sababu tairi lenye upepo mdogo huelea juu ya maji mapema zaidi.

Tukiwa bado kwenye Ujapani: magari mengi ya otomatiki yana kitufe kilichoandikwa SNOW karibu na gia, na wamiliki wengi hawajawahi kukigusa. Kazi yake ni kuliondoa gari kwa gia ya pili na kupunguza ukali wa mafuta ili magurudumu yasizunguke bure. Theluji hatuna, lakini tope linateleza vilevile. Kibonyeze unapoondoka kwenye utelezi, kizime ukifika pakavu. Na kama gari lilitoka kwenye mikoa ya theluji, mwambie fundi alichungulie chini. Huko wanamwaga chumvi barabarani kuyeyusha barafu, na chumvi inakula chesisi na mabomba ya breki miaka mingi kabla gari halijafika kwako.

Waipa: jua la hapa huziua kati ya Juni na Oktoba bila wewe kujua, kwa kuwa huzitumii. Badilisha kila Novemba. Jaza maji ya kuoshea kioo, maana matone ya kwanza yakichanganyika na vumbi yanakuwa uji. Taa zote ziwake, hasa za nyuma. Breki zipimwe. Muulize fundi akuonyeshe gari lako linavutia hewa wapi. Kuna magari ambayo mdomo wa eya klina uko chini, nyuma ya taa ya mbele, na huo ndio mwisho wa kina unachoweza kuthubutu. Usipojua ulipo, hujui gari lako linazama wapi.

Kwenye buti weka koleo fupi, kamba ya kuvutia yenye ndoano nzima, tochi, maji ya kunywa, chakula kisichoharibika na shuka. Ongeza kipande cha ubao kizito cha ukubwa wa kitabu cha mahudhurio. Bila ubao huo jeki inazama kwenye tope na gari linabaki palepale likikucheka.

Tatu, panga safari kwa kutazama anga la huko juu

TMA hutoa tahadhari zake kwa ngazi: angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa. Ikitajwa mvua kubwa, wanazungumzia zaidi ya milimita 50 ndani ya saa 24. Wengi wetu tunasoma mkoa wetu tu na kufunga simu. Usifanye hivyo. Soma mkoa ambao maji yake yanakujia.

Mto Bubu unakusanya maji upande wa Kondoa na kuyashusha hadi kwenye mbuga za Bahi. Kwa hiyo Bahi inaweza kujaa siku ambayo mjini Dodoma hakujadondoka tone. Kinyasungwe unachukua maji ya mashariki ya Dodoma, unapita Gulwe, unaungana na Mkondoa kuelekea Kilosa na hatimaye Wami. Ndiyo maana reli ya zamani kati ya Kilosa na Gulwe imesombwa mara nyingi kiasi hicho. Ukienda Morogoro, mvua ya milima ya Gairo ni yako. Ukienda Babati, mvua ya Kondoa ni yako.

Baada ya simu rasmi, piga simu zisizo rasmi. Mama ntilie wa Kibaigwa anajua hali ya barabara kuliko programu yoyote, kwa sababu madereva wa malori wanakula kwake. Njiani, tazama magari yanayokuja. Ukiendesha dakika kumi kwenye barabara kuu bila kukutana na lori hata moja, kuna kitu mbele. Simama kijiji kinachofuata uulize.

Ondoka alfajiri. Mvua za huku nyingi hufumuka alasiri na jioni, baada ya joto kupanda, kwa hiyo anayetoka saa kumi na mbili asubuhi na kufika saa nane mchana amekwepa sehemu kubwa ya balaa. Jaza mafuta kabla. Barabara ikikatika kati ya Dodoma na Morogoro, njia ya kuzunguka kwa lami ni kupitia Mtera na Iringa, na hiyo ni zaidi ya mara mbili ya zile kilomita 260 za kawaida. Na kama tahadhari ni kubwa na safari ni ya Dar, tangu Julai 2024 kuna treni ya umeme. Liache gari nyumbani. Hakuna atakayekucheka, na akikucheka atakucheka ukiwa umefika.

Nne, kwenye lami

Mvua ya kwanza ya msimu ndiyo yenye utelezi kuliko zote. Miezi saba ya vumbi, oili na mpira uliolika imelala juu ya lami. Matone ya mwanzo yanaigeuza kuwa sabuni, na inachukua muda wa mvua nzuri kuoshwa. Nusu saa hiyo ya mwanzo, endesha kama umebeba mayai. Mwenye bodaboda afadhali asimame kabisa kwenye kituo cha mafuta hadi lami ioshwe, na apite mbali na alama za rangi za pundamilia, maana zikilowa zinateleza kuliko lami yenyewe.

Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, gari linakwenda mita 22 kila sekunde. Lami kavu, acha sekunde mbili kati yako na wa mbele. Lami iliyolowa, acha nne. Chagua nguzo, wa mbele akiipita hesabu "mia moja na moja, mia moja na mbili" hadi nne. Ukifika kwenye nguzo kabla hujamaliza, uko karibu mno. Nyuma ya semi acha zaidi, kwa sababu ule ukungu wa maji unaorushwa na matairi yake unakufunika macho na unamficha yeye pia.

Maji yakituama kwenye mifereji iliyochimbwa na malori, tairi linaweza kushindwa kuyasukuma pembeni, likapanda juu yake. Utajua: usukani unakuwa mwepesi ghafla, kama hauna kazi, na injini inapandisha sauti. Hapo mikono na miguu inataka kufanya kitu. Isifanye. Achia mafuta taratibu, shikilia usukani uelekee unakokwenda, usikanyage breki, subiri tairi lirudi chini. Ni sekunde moja au mbili tu, ila ni ndefu.

Kuna desturi imeingia ya kuwasha hazadi, yaani indiketa zote kwa pamoja, na kuendelea kuendesha mvuani. Siipendi. Wa nyuma hajui kama umesimama au unakwenda, na kwenye magari mengi indiketa haionekani tena ukitaka kukata kona. Washa taa kubwa za kawaida, zile za kushusha, na hazadi ziache kwa gari lililosimama. Kama huoni mbele mita hamsini, toka barabarani kabisa kwenye kituo au uwanja wa duka, si ukingoni mwa lami ambako lori litakufuata likidhani wewe ndiye barabara.

Kioo kikijaa ukungu kwa ndani, washa kiyoyozi na kuielekeza hewa kiooni, hata kama unasikia baridi. Kufuta kwa kitambaa cha mkono kunaacha michirizi ambayo usiku inageuza kila taa kuwa nyota.

Miteremko miwili niitaje kwa majina. Mmoja ni mlima wa kupanda Manyoni baada ya Kintinku. Mwingine ni Nyang'oro, kati ya Mtera na Iringa, wenye kona kali na asubuhi nyingine ukungu. Shuka kwa gia ile ambayo ungepandia, wala si kwa breki. Otomatiki nayo ina 2 na L, hazikuwekwa pale kwa mapambo.

Na usiku baada ya mvua, ng'ombe na punda hupenda kusimama kwenye lami kwa sababu ndiyo pakavu. Punda haogopi taa, wala hana haraka.

Tano, korongoni

Sasa tufike pale babu aliponisimamisha.

Njia nyingi za vijijini na baadhi ya mitaa ya mjini hazina madaraja, zina drifti: zege lililolazwa kwenye kitanda cha korongo ili maji yapite juu. Mhandisi aliyelijenga alijua litafunikwa. Alitegemea wewe usubiri. Drifti si daraja bovu, ni mlango unaofungwa na kufunguliwa na maji, na kazi ya dereva ni kuheshimu mlango uliofungwa.

Ukifika ukingoni na korongo ni kavu, usiingie kwa mazoea. Simama, zima redio, teremsha kioo, sikiliza. Tazama upande wa juu, kule maji yanakotokea. Kama kuna weusi mbali au ngurumo, au kuna watu wamesimama ukingoni wakitazama upande mmoja, uliza kwanza. Usiegeshe kamwe ndani ya korongo, hata kwa dakika ya kuchimba dawa. Wachota mchanga wanajua hili, ndiyo maana lori lao huwa limegeuzwa pua kuelekea kutoka.

Ukikuta maji yanapita, kumbuka vipimo vitatu. Sentimita 15 za maji yanayokimbia zinaweza kumwangusha mtu mzima. Sentimita 30 zinatosha kuanza kulielesha gari dogo. Sentimita 60 zinabeba magari mengi, Land Cruiser ikiwemo. Gari zito halikusaidii sana, kwa sababu bodi yake iliyofungwa vizuri ni kama mtumbwi: maji yakifika kwenye sakafu yanaanza kulinyanyua, na tairi linapoteza uzito wa kushikia chini. Kuhusu kasi, maji yakikimbia mara mbili zaidi, msukumo wake unakuwa mara nne. Kwa hiyo maji ya goti yaliyotulia Bahi na maji ya goti yanayoteremka kutoka milimani si kitu kimoja.

Halafu kuna usichokiona. Maji ya kahawia hayaonyeshi chini, na mafuriko hukwangua mchanga upande wa chini wa drifti hadi kubaki shimo la kina cha mtu. Wakati mwingine kipande cha zege chenyewe kimeondoka. Wahenga walisema maji usiyoyafika hujui wingi wake. Hapa ni maneno ya kiufundi kabisa.

Kanuni yangu ni hii. Kama maji yanakimbia na yamepita nusu ya gurudumu, nasubiri, hata gari liwe refu namna gani. Kama yanapanda, nasubiri, hata yawe ya kifundo. Chomeka kijiti ukingoni pale maji yanapoishia, uweke jiwe pembeni. Rudi baada ya robo saa. Kijiti kikiwa ndani ya maji, yanapanda, rudisha gari nyuma mbali zaidi. Kikiwa pakavu, yanashuka, endelea kusubiri. Uzuri wa makorongo ya Dodoma ni kwamba yanavyojaa haraka ndivyo yanavyokauka haraka. Saa mbili, tatu, nne. Ni muda wa kula muhogo na kuongea na watu.

Adui mkubwa hapo ukingoni ni basi au pikapu linalofika, likapita, na dereva wake akakupungia mkono. Kupita kwake kunakuambia kuhusu gari lake kwa dakika ile. Hakusemi lolote kuhusu lako dakika inayofuata. Na wewe abiria una haki ya kushuka. Ukiona Noah au Coaster inaingia majini, sema kwa sauti "dereva, mimi nashuka hapa," na shuka. Mara nyingi mmoja akishuka, wote wanashuka, na dereva anapata kisingizio cha heshima cha kusubiri, kitu alichokuwa anakitafuta tangu mwanzo.

Maji yakishashuka chini ya nusu ya gurudumu, yametulia, na umeona kingo zote mbili za drifti, vuka hivi. Shusha vioo na ufungue mkanda wako pale tu unapoanza kuingia. Weka gia ya kwanza, au L, na kwenye gari la foo wili weka gia nzito. Ingia kwa mwendo wa mtu anayetembea, shikilia mwendo huo huo, usibadili gia, usiachie mafuta katikati. Lenga upande wa juu wa drifti, kwa sababu maji yanakusukuma chini. Gari moja kwa wakati, la nyuma lisubiri hadi la mbele litoke ng'ambo.

Injini ikizimika ndani ya maji, usijaribu kuiwasha. Maji yakishaingia kwenye silinda hayashindiliki kama hewa, na ukilazimisha, konrodi zinapinda. Ulichokuwa utengeneze kwa kukausha na kubadilisha oili kinakuwa injini mpya.

Ikiwa gari limeanza kuelea, liache. Toka kupitia dirishani mara moja, kabla umeme wa vioo haujafa, watoto kwanza, pandeni juu ya paa mkae upande wa juu wa maji. Mlango hautafunguka kwa sababu maji yanausukuma. Kioo cha mbele hakivunjiki kirahisi, kina utando katikati. Piga cha pembeni, kwenye kona, kwa kitu kidogo kigumu. Ukiwa salama piga 112 polisi au 114 Zimamoto na Uokoaji, utaje jina la kijiji na barabara, maana "korongoni baada ya mbuyu" Dodoma ni kila mahali.

Sita, topeni

Udongo mwekundu wa Dodoma unateleza lakini una huruma, ukikauka saa chache unapitika. Udongo mweusi wa mbuga, kule Bahi na kwenye mabonde, hauna. Ukilowa unashika tairi kama ugali wa dona, unajaza kashata, na unabaki hivyo siku kadhaa. Ukiona njia imekuwa nyeusi na inang'aa, shuka ukanyage kwa kiatu. Kiatu kikibaki chini, rudi.

Ukishanasa, kosa la kwanza ni kukanyaga mafuta. Kila mzunguko wa gurudumu ni jembe linalojichimbia kaburi. Zima, shuka, tazama. Chimba mbele ya magurudumu yanayovuta, si nyuma tu, hadi upate mteremko mdogo. Weka mawe bapa, matawi, hata zulia za gari. Kama ni mchanga wa korongo, punguza upepo hadi PSI 18 au 20, tairi litatanuka na kutembea juu. Ukitoka, jaza tena kabla ya kufika kwenye lami, usiendeshe hivyo. Ondoa kwa gia ya pili na mguu mwepesi, na wanaosukuma wakae pembeni, wasisimame nyuma ya gurudumu linalozunguka. Ukivutwa kwa kamba, kila mtu akae mbali nayo: ikikatika inarudi kama mjeledi.

Watatokea vijana. Wasalimie vizuri, mpatane bei kabla hawajagusa gari, na wape haki yao. Kuna mashimo njia za mashambani ambayo kwa miezi minne ndiyo shamba la vijana wale. Sijui kama huwa wanayamwagilia, sijawahi kuuliza.

Saba, ukishatoka majini

Mara tu baada ya kuvuka, kanyaga breki kidogokidogo ukiwa mwendo wa polepole, mara tano au sita, hadi uhisi zinashika. Breki zilizolowa hazishiki unapozihitaji. Kisha simama, ondoa matawi chini ya gari na nyasi kwenye rejeta, zinaziba hewa na injini inachemka.

Jioni hiyo fungua eya klina. Ikiwa imelowa, usiwashe tena hadi fundi aangalie. Ndani ya wiki mwambie achungulie oili ya difu na ya giaboksi, kwa sababu maji huingia kupitia matundu ya kupumulia wakati vyuma vya moto vinapopozwa ghafla, na bearingi zinaanza kulia mwezi mmoja baadaye ukiwa umesahau sababu. Zulia zitoe zianikwe. Soma pia karatasi za bima yako: bima ndogo hailipi gari lako lililosombwa, na hata bima kubwa ina masharti kuhusu mafuriko.

Mwisho, asubuhi kabla ya kuwasha, chomoa kijiti cha kupimia oili ya injini na ukitazame kwenye mwanga. Oili ikiwa imekuwa na rangi ya chai ya maziwa, usiguse ufunguo. Gari liende kwa fundi likiwa limevutwa.